Kubadili madirisha Njombe: Baridi izuiwe, hewa isizibwe

BARIDI ya Njombe haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kulala mjini humo kati ya Juni na Agosti. Mji huo upo takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi hiyo ukungu na manyunyu yanayosukumwa na pepo za kusi huweza kukaa siku nzima bila jua kuonekana, huku joto la usiku likishuka chini ya nyuzi 10. Wilayani Makete, kwenye uwanda wa juu wa Kitulo, zipo asubuhi ambazo majani huamka yamefunikwa na sakitu.

Tangu Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa rasmi mwaka 2012, nyumba mpya zimeongezeka, na hata wenye nyumba za zamani wamekuwa wakizikarabati. Jambo la kwanza kwa wengi ni kung'oa madirisha ya mbao, au yale ya chuma yenye vioo vilivyoshikwa kwa puti, na kuweka ya aluminiamu ya kusukuma pembeni.

Hayo ndiyo yaliyotawala Dar es Salaam, na yana sababu zake huko. Hayali kutu kwa hewa ya bahari, hayazuiwi na nondo zilizo nje, na wavu wa mbu hupachikwa kwenye reli hiyo hiyo. Lakini huko pwani hakuna anayelala na baridi. Anayelibeba dirisha hilo hadi nyanda za juu anapaswa kujiuliza maswali mengine kabisa, na mojawapo linahusu uhai: chumba kikishazibwa, wanaolala ndani watavuta hewa gani?

Kabla ya kufika huko, ni vyema kujua kama tatizo ni dirisha kweli. Kioo kinachotoka jasho upande wa ndani asubuhi, nacho kikakauka kikifutwa, kinaeleza kuwa mvuke ndani ya chumba umezidi na kioo ni cha baridi. Doa la maji linalotokea chini ya dirisha baada ya mvua ya upepo ni kosa la ufungaji au la kizingiti. Unyevu unaopanda kutoka sakafuni kwenye ukuta mzima unatoka ardhini, na hakuna dirisha, hata la bei gani, litakalouzuia.

Vilevile, nyumba ya mabati isiyo na dari haina sababu ya kuanza na madirisha. Joto hupanda, na fedha itakayotumika kwenye vioo itaondoka usiku huo huo kupitia paa. Dari kwanza.

Kuhusu jasho la kioo, hesabu yake si ngumu. Hewa ya chumba yenye nyuzi 18 na unyevu wa asilimia 70 huanza kuacha maji pale inapogusa kitu chenye nyuzi 12 hivi. Nje kukiwa na nyuzi 6, uso wa ndani wa dirisha la kioo kimoja hushuka hadi karibu nyuzi 9, na maji huanza kutiririka. Dirisha la vioo viwili vyenye nafasi ya hewa katikati hubaki na nyuzi 13 au 14 upande wa ndani, na aghalabu hubaki kavu.

Fremu nayo ina sehemu yake. Aluminiamu hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko mbao, kiasi kwamba fremu yake ya kawaida huwa baridi sawa na kioo chenyewe, na ndiyo maana kuvu jeusi huanzia pembezoni mwake. Ipo aluminiamu iliyotengenezwa kwa vipande viwili vilivyotenganishwa na utepe wa plastiki, lakini bei yake ni ya juu na si kila karakana inayo. Fremu za PVC hazipitishi joto kwa urahisi, hazihitaji rangi wala haziozi. Mnunuzi ahakikishe tu kuwa pembe zake zimeunganishwa kwa kuyeyushwa na kwamba ndani yake kuna chuma cha kuipa nguvu.

Na mbao? Ni ajabu kwamba katika mkoa uliozungukwa na misitu ya kupandwa, na jirani na Mufindi kulikoenea shamba la miti la Sao Hill, dirisha la mbao limekuwa likihesabiwa kuwa la mtu asiye na uwezo. Mbao huzuia baridi vizuri kuliko aluminiamu. Kilichoiharibia jina ni mbao mbichi ya paina inayopigwa randa leo na kufungwa kesho, ikavimba masika na kupinda kiangazi. Mbao iliyokaushwa sawasawa, ikatiwa dawa na kupakwa rangi pande zote sita, ikiwa ni pamoja na ukingo wa chini ambao mafundi wengi huusahau, hudumu miaka mingi. Mninga hubadilika umbo kidogo sana, ingawa bei yake inajulikana.

Namna dirisha linavyofunguka ni jambo zito kuliko wengi wanavyodhani. Dirisha la kusukuma haliwezi kukazwa dhidi ya fremu yake. Kinachozuia upepo ni brashi nyembamba zinazochakaa. Tena hufunguka nusu tu, na reli yake ya chini hukusanya maji. Dirisha la bawaba hubanwa na komeo juu ya mpira, hivyo hufunga kabisa na kufunguka lote, ila nondo zinapaswa kuwekwa upande wa ndani. Kwa mvua za manyunyu, lililo bora ni lenye bawaba juu, linalosukumwa nje kwa chini: huweza kuachwa wazi na matone yasiingie.

Mahali pa kila dirisha pia pazingatiwe. Kwa kuwa Njombe ipo kusini mwa ikweta, jua la Juni hukaa upande wa kaskazini hata saa sita mchana. Dirisha kubwa liwe upande huo, ambako litaingiza joto la bure. Upande wa kusini na kusini mashariki, unakotoka upepo wenye mvua, madogo yanatosha.

Wanaotaka vioo viwili wajue kuwa hiyo ni bidhaa ya kiwandani. Vioo hugandishwa pembezoni, na ndani huwekwa kikausha unyevu. Fundi anayebandika vioo viwili kwa silikoni mbele ya nyumba hatengenezi kitu hicho. Baada ya muda ukungu huingia katikati, mahali ambapo hakuna kitambaa kitakachofika. Uzito nao ni mara mbili: vioo viwili vya milimita 4 huwa na kilo 20 kwa kila mita moja ya mraba, na bawaba nyepesi haziwezi kuvibeba.

Asiyemudu anayo njia nyingine ambayo wazee waliijua. Shata ya mbao yenye unene wa sentimita 2.5, ikifungwa vizuri usiku upande wa ndani wa kioo kimoja, hupunguza joto linalopotea kwa zaidi ya nusu. Kioo kilicho nyuma yake kitatoka jasho na kitahitaji kufutwa asubuhi, lakini chumba kitakuwa kimelala na joto lake, kwa gharama ambayo seremala wa mtaani anaweza kujadiliana nayo.

Linabaki suala la hewa, ambalo mafundi wengi huliruka. Mvuke unaotoa jasho kwenye kioo hutoka kwa wakazi wenyewe. Watu wawili waliolala usiku kucha hutoa karibu nusu lita ya maji kwa pumzi na ngozi. Gesi ya kupikia, ambayo wengi huiona kuwa kavu, hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kwa kila kilo inayoungua; mtungi wa kilo 6 unapokwisha umemwaga jikoni zaidi ya lita 9 kama mvuke. Dirisha la zamani lenye nyufa liliutoa mvuke huo. Dirisha jipya linauweka ndani.

Uingereza, nchi ya baridi na unyevu inayobadili madirisha kwa miongo mingi, imelijifunza hilo kwa uchungu. Mwezi Desemba 2020 mtoto wa miaka 2 alifariki dunia huko Rochdale, na uchunguzi wa mahakama uliokamilika Novemba 2022 ulieleza kuwa chanzo ni ugonjwa wa njia ya hewa uliotokana na kuishi muda mrefu katika nyumba yenye kuvu. Kanuni za ujenzi zilizoanza kutumika England Juni 2022 zinataka kwamba anayebadili madirisha asiiache nyumba na hewa duni kuliko alivyoikuta. Kwa kawaida fremu mpya huwekewa upenyo mwembamba wa kudumu kwa juu.

Nyanda za juu za Tanzania zina hatari iliyo karibu zaidi, nayo ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku. Mkaa ukishashika na kuwa mwekundu bila moshi, wengi huamini kuwa umekuwa salama. Kinyume chake, huendelea kutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kuishiwa nguvu na usingizi mzito, na aliyekwishalala huenda asizisikie kabisa.

Dirisha bovu la zamani lilikuwa likiwaokoa watu bila wao kujua. Familia iliyozoea kuota moto wa mkaa kwa miaka mingi bila madhara huweka madirisha yanayofunga barabara, ikaendelea na desturi ile ile, na hapo hali huwa nyingine. Hata kuacha upenyo wazi si ruhusa ya kulala na jiko. Mkaa haupaswi kubaki katika chumba cha kulala kwa hali yoyote. Anayehitaji moto ndani ajenge sehemu yenye dohani, na hata hiyo itahitaji tundu la kuingizia hewa, kwani katika chumba kilichozibwa moshi hurudi chini.

Kwa sababu hiyo, matundu ya hewa yenye wavu yaliyo juu ya madirisha katika nyumba nyingi za zamani yasizibwe kwa lipu wakati wa ukarabati, jambo linalofanyika mara kwa mara kwa ajili ya kupendezesha ukuta. Wajerumani, wenye madirisha yanayofunga kuliko karibu yote, hufungua yote wazi kwa dakika 5 hadi 10 mara kadhaa kwa siku hata theluji ikianguka. Hewa yenye mvuke hutoka, kuta hubaki na joto lake, na chumba hupata joto tena upesi.

Ufungaji ukaguliwe kabla fundi hajamaliziwa malipo. Kizingiti cha nje kiteremke kuelekea nje, kitokeze kupita ukuta kwa sentimita 3 au 4, na chini yake kiwe na mfereji mdogo wa kukatia maji ili yasirudi ukutani. Silikoni haishiki kwenye lipu mbichi, hivyo ukuta ukauke kwanza. Dirisha la reli liwe na matundu ya kutolea maji, nayo yatazame nje. Ndoo mbili za maji zikimwagwa juu ya kioo, na mshumaa ukipitishwa polepole pembezoni mwa fremu siku ya upepo, zitaonyesha pengo lilipo fundi akiwa bado na vifaa vyake hapo uani.