Istilahi za Mapato ya Madini: Mrabaha, Kodi, Ushuru na Ada

Hivi karibuni tuliletewa kijitabu kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, ambacho kilikusudiwa kugawiwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kiswahili chake kilikuwa chepesi na chenye kusomeka. Hata hivyo, sentensi moja ilitusimamisha: "Mchimbaji atalipa serikalini mrabaha, yaani kodi itokanayo na faida yake." Sentensi hiyo ina makosa mawili, na kila moja laweza kumgharimu mtu fedha. Mchimbaji aliyefanya kazi miezi mitatu kwa hasara ataisoma na kuamini kwamba hadaiwi kitu. Atakapopeleka gramu zake chache katika soko la madini atakatwa fedha ambazo hakuziweka katika hesabu zake, naye ataondoka akidhani amedhulumiwa. Aliyemdhulumu ni mfasiri.

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi zinazotumika katika mapato ya madini, na kuonyesha mahali ambapo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali huteleza. Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Neno lililokuwa tafsiri ya kumsaidia msomaji sasa laweza kuwa ndilo neno lenye nguvu ya sheria.

Kabla ya kufungua kamusi tulikwenda kwanza Kariakoo. Mtaa huo wenyewe una jina lililozaliwa na kazi, kwani linatokana na kikosi cha wachukuzi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Huko tulizungumza na mzee mmoja aliyekuwa akiuza vitunguu Shimoni kabla ya soko kuungua Julai 2021. Tulimwuliza alikuwa akilipa nini na nini. Alijibu bila kusita: "Ushuru ni wa gunia. Kodi ya fremu ni ya mwenye nyumba. Leseni ina ada yake. Na TRA wanataka kodi ya mapato." Tulipomwuliza kama gunia lililooza lilisamehewa ushuru, alicheka. "Ushuru haukuulizi umepata au umekosa, wanangu. Gunia likishuka, umelipa."

Katika maneno hayo machache mzee alitupatia kanuni ambayo kijitabu kile kiliikosa. Jina la malipo hutegemea kile kinachotozwa: ama mzigo, ama pango, ama kibali, ama faida. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotenganisha malipo ya madini.

Tuanze na mrabaha. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inayahesabu madini kuwa mali ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mchimbaji mwenye leseni anaruhusiwa kuyachimba na kuyauza, lakini mwenye mali ni umma. Mrabaha, basi, ni malipo anayopewa mwenye mali kwa sababu mali yake imechukuliwa, na mali hiyo haioti tena. Kwa hiyo hukokotolewa kwa thamani ya madini yenyewe, wala haujali kama mchimbaji amepata faida au hasara. Kwa tabia yake unakaribia ushuru wa gunia kuliko kodi ya mapato.

Tatizo limo ndani ya neno lenyewe. Mrabaha ni neno lenye asili ya Kiarabu, na shina lake linahusu faida katika biashara. Msomaji anayejua asili hiyo huvutwa kirahisi kuelekea maana ya "sehemu ya faida". Wapo pia wanaolichanganya na riba, ambayo ina shina lingine kabisa. Hatupendekezi neno hili liachwe, kwani limekwisha kukubalika katika sheria, na hata waandishi wa vitabu hulitumia kwa malipo wanayopewa na wachapishaji wao. Tunachosema ni kwamba asili ya neno isichukuliwe kuwa ndiyo maana yake ya leo. Ushuru nao, kwa asili, ni sehemu ya kumi, lakini hakuna anayedai leo kwamba kila ushuru ni asilimia 10.

Kodi ina utata wa namna nyingine. Kariakoo, kodi ya fremu ni pango. Kwa mtoza kodi wa serikali, kodi ya mapato hutozwa kwa faida. Katika madini maana hizo mbili hukutana katika hati moja, kwa kuwa mwenye leseni hulipia kila mwaka eneo alilopewa, na kampuni yake hulipa pia kodi ya mapato inapopata faida. Mfasiri akiandika "kodi ya mwaka" kwa malipo ya eneo, msomaji hatajua ni ipi kati ya hizo mbili. Afadhali kuandika "ada ya mwaka ya leseni", na neno kodi liachiwe malipo ya mapato.

Linafuata gawio. Tangu mwaka 2017 sheria inaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni zenye leseni ya uchimbaji wa kati au leseni maalumu ya uchimbaji. Serikali hazinunui hisa hizo, na sehemu yake haipungui hata mtaji wa kampuni unapoongezwa. Gawio la hisa hizo hutegemea faida. Kwa hiyo mwananchi anayesoma kwamba kampuni fulani haikutoa gawio asihitimishe kwamba haikulipa mrabaha. Na anayesoma kwamba imelipa mrabaha asidhani kwamba imekiri kupata faida.

Sasa tufike kwenye maneno mawili ambayo huonekana madogo, nayo ni ghafi na halisi. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 1998, mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3 ya thamani iliyobaki baada ya kutoa gharama kama za usafirishaji, bima na usafishaji. Kamati iliyoongozwa na Jaji Mark Bomani, iliyotoa taarifa yake mwaka 2008, ilipendekeza msingi huo wa hesabu ubadilishwe. Sheria ya mwaka 2010 ikaleta asilimia 4 ya thamani kabla ya kutoa gharama hizo, na marekebisho ya mwaka 2017 yakaifanya asilimia 6, pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1.

Tuchukue mfano wa dhahabu yenye thamani ya shilingi 100,000,000 sokoni, ambayo gharama zake za namna hiyo ni shilingi 6,000,000. Kwa sheria ya 1998 mrabaha ungekuwa shilingi 2,820,000. Kwa sheria ya 2010 ungekuwa shilingi 4,000,000. Kwa marekebisho ya 2017 ungekuwa shilingi 6,000,000, na ada ya ukaguzi shilingi 1,000,000. Msomaji ataona kwamba mwaka 2010 havikubadilika viwango peke yake. Kilibadilika pia kile kinachopimwa.

Wafasiri wengi huiita thamani ya kwanza "thamani halisi" na ya pili "thamani ghafi". Kihasibu hawajakosea. Lakini kwa msomaji wa kawaida, halisi ni kitu cha kweli, na ghafi ni kitu kisichosafishwa, kama tusemavyo mali ghafi. Matokeo yake, mchimbaji husikia kwamba "thamani ghafi" ni bei ya mawe kabla ya kuchenjuliwa, na "thamani halisi" ndiyo bei ya kweli. Amepinduliwa maana bila mtu yeyote kumdanganya.

Kwamba jina laweza kubadili thamani ya kitu machoni pa watu, tulishuhudia mwaka 2017, makontena 277 yalipozuiwa katika bandari ya Dar es Salaam, hatua chache kutoka katikati ya mji. Mwanzoni wengi walisema yamebeba "mchanga". Mchanga ni kitu cha kujengea, hakuna anayeulilia. Liliposhika neno makinikia, lenye asili katika makini, watu walielewa kwamba mzigo ule ulikuwa umechenjuliwa na madini yake kukusanywa pamoja. Kabla ya hapo neno hilo lilijulikana na wachache. Baada ya wiki chache lilikuwa midomoni mwa wauza magazeti. Watu hawakatai istilahi ngumu pale wanapoona inawahusu.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Mrabaha utumike kwa malipo ya mwenye madini, yanayokokotolewa kwa thamani ya madini. Usifafanuliwe kwa neno kodi wala faida.

(b) Kodi itumike kwa malipo ya kisheria ya mapato na mengineyo yanayoitwa hivyo na sheria. Ada kwa malipo ya leseni, kibali au huduma kama ukaguzi. Na ushuru wa huduma kwa malipo ya halmashauri.

(c) Tozo, neno lililovuma mwaka 2021 kwa miamala ya simu, libaki jina la jumla. Lisitumike mahali ambapo sheria imetaja aina ya malipo.

(d) Thamani ghafi inapotajwa mara ya kwanza ifuatwe na maelezo: "yaani thamani ya soko kabla ya kutoa gharama". Mahali pa thamani halisi iandikwe "thamani baada ya kutoa gharama".

Kijitabu kile tulikirudisha kikiwa na sentensi mpya: "Mchimbaji atalipa mrabaha kwa thamani ya dhahabu aliyoiuza, awe amepata faida au hasara." Ni sentensi isiyofurahisha kuisoma. Lakini mchimbaji akiisoma kabla ya kuuza, anaweza kupiga hesabu yake mwenyewe. Wasomaji walio na mifano ya istilahi za namna hii, hasa kutoka machimboni na masokoni, wanaombwa watuletee.