Njia ya Zege Nyumbani

Bengamisa ni mji mdogo katika msitu, kilomita 50 hivi kaskazini ya Kisangani, kando ya barabara iendayo Banalia na Buta. Huko mvua ni nyingi. Hupungua kidogo mwezi wa Januari na Februari, lakini haikomi kabisa. Na miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba hunyesha kwa nguvu. Kwa mwaka mzima hushuka zaidi ya milimeta 1,600.

Kila mtoto wa Bengamisa anaijua njia ya kwao siku ya mvua. Udongo mwekundu hugeuka kuwa matope yenye utelezi. Mama atokaye kisimani na ndoo kichwani hukanyaga polepole, kama mtu anayevuka mto juu ya gogo. Bibi mzee hakai tena barazani kwa jirani, maana akianguka mfupa wake hautaunga upesi. Mgonjwa akipelekwa kwa mganga usiku, hubebwa na watu ambao wenyewe wanateleza.

Wengine hutandika mbao mbele ya nyumba, mbao huoza. Wengine humwaga kokoto juu ya matope, kokoto huzama. Njia inayodumu ni ya zege. Lakini zege lataka saruji, ambayo wengi huiita sima, na saruji ni ghali. Imefika Kisangani kwa boti kutoka Kinshasa, safari ya mto ya kilomita zaidi ya 1,700, au kwa lori kutoka upande wa Uganda. Kutoka Kisangani yapakiwa tena mpaka Bengamisa. Kwa hiyo mwenye nyumba hawezi kuharibu hata mfuko mmoja. Vinavyoilinda saruji yake ni mbao chache, vigingi, kamba, na saa chache za subira.

KAZI YA MBAO

Zege ni saruji, mchanga, kokoto na maji, vilivyochanganywa pamoja. Likiwa bichi ni laini, nalo hufuata umbo la chombo chake. Likimwagwa chini ovyo husambaa: huwa nene hapa, jembamba pale, na kingo zake nyembamba hukatika kwanza. Ndiyo sababu hufungiwa katikati ya mbao mpaka ligande. Waashi waliojifunza kazi kwa Kifaransa huiita kazi hiyo kofraji.

Kazi hiyo ni ya zamani sana. Mjini Roma kuna jengo liitwalo Pantheon, lililojengwa karibu miaka 1,900 iliyopita. Paa lake ni kuba la zege lenye upana wa meta 43. Warumi hawakuwa na saruji ya leo. Walitumia chokaa na majivu ya volkeno. Zege lao walilimwaga juu ya mbao zilizotengenezwa kwa umbo la kuba. Mbao zile ziliondolewa zamani, lakini umbo lake limebaki. Tangu mwaka 609 jengo hilo ni kanisa, na watu huingia humo mpaka leo.

Njia ya nyumbani ni kitu kidogo mbele ya kuba lile, lakini sheria ni ile ile. Jinsi mbao zilivyo leo, ndivyo zege litakavyokuwa kesho.

KUPIMA

Tuseme njia ni ya meta 10, kutoka mlangoni mpaka barabarani. Upana wake ni meta 1, na unene wake sentimeta 10. Mwashi mwenye akili haimwagi yote kwa siku moja. Huigawa vipande 8, kila kimoja kina urefu wa meta 1 na sentimeta 25. Kuna sababu mbili.

Sababu ya kwanza: zege likikauka hujivuta kidogo. Njia ndefu isiyogawanywa hupasuka mahali popote. Iliyogawanywa hufunguka penye mpaka wa vipande tu, wala haidhuriki.

Sababu ya pili ni ya mfuko wa fedha. Kipande 1 chataka lita 125 za zege. Mfuko 1 wa saruji wa kilo 50, pamoja na mchanga mara mbili yake na kokoto mara tatu yake, hutoa lita 135 hivi. Basi mfuko 1 watosha kipande 1. Mtu asiye na fedha za mifuko 8 aweza kununua mmoja mmoja, na kila mwezi njia yake itaongezeka. Tena hakuna saruji inayobaki. Katika hewa yenye unyevu ya msituni, mfuko uliofunguliwa huvuta maji na kuganda kama jiwe.

Lakini hesabu hii ni kweli tu kama vipimo ni kweli. Shimo likichimbwa kwa kina cha sentimeta 2 kupita kiasi, kipande kile kile kitataka lita 150. Mfuko mmoja hautatosha, na kazi itakwama katikati.

KUTENGENEZA MAHALI

Kwanza hufungwa kamba kutoka mlangoni mpaka barabarani, na kamba ya pili sambamba nayo. Ili kona ya mlangoni iwe sawasawa, hupimwa meta 3 ukutani na meta 4 kwenye kamba. Toka ncha moja mpaka ncha ya pili pakiwa na meta 5 kamili, kona ni sawa. Mtoto ajuaye kuhesabu aweza kushika kamba hiyo.

Halafu udongo mweusi wa juu huondolewa pamoja na mizizi, maana vitu vinavyooza huacha nafasi tupu, na zege likikosa mahali pa kulala huvunjika. Huchimbwa sentimeta 15. Chini hutandazwa mawe madogo au matofali yaliyovunjika, unene wa sentimeta 10, yakashindiliwa kwa gogo zito mpaka yasitikisike. Shimo huwa pana kuliko njia, ili mbao na vigingi vipate nafasi.

MBAO NA VIGINGI

Ubao wa pembeni huwa na kimo cha sentimeta 10, sawa na unene wa njia. Usiwe mwembamba kuliko sentimeta 2 na nusu, wala usiwe umepinda. Mbao hizi hazitabaki katika njia, kwa hiyo si lazima ziwe za mti wa thamani.

Lakini vigingi vyataka mti mgumu. Kombokombo, ule mti unaoota upesi katika mashamba yaliyoachwa, ni mwepesi na laini. Chini ya nyundo hupasuka. Kila kigingi huchongwa ncha na kupigwa chini, nje ya ubao, siyo ndani. Kutoka kigingi mpaka kigingi iwe sentimeta 60 hivi. Zege ni zito: lita 125 zina uzito unaokaribia kilo 300. Vigingi vikiwa mbali, ubao hufura kama tumbo la chura, na zege lililofura ni saruji iliyopotea.

Misumari hupigwa kutoka nje, kupitia kigingi mpaka kwenye ubao, na vichwa vyake huachwa vimejitokeza kidogo. Hivyo yaweza kung'olewa bila kulitikisa zege. Vichwa vya vigingi visipite kimo cha ubao, la sivyo vitazuia ubao wa kusawazishia. Mwisho wa kila kipande hupigwa ubao wa kukingama.

Sasa ni mteremko. Milimeta 1 ya mvua juu ya meta 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi paa la meta 40 za mraba, likipigwa na mvua ya milimeta 30, humwaga lita 1,200, yaani ndoo 60 za lita 20. Maji hayo yakisimama juu ya njia, utando wa kijani utaota na utelezi utarudi. Kwa hiyo ubao wa upande mmoja wa njia huwekwa chini ya mwenzake kwa sentimeta 2. Anayeinama huona tofauti, anayetembea haisikii. Asiye na pimamaji hutumia mpira mwembamba wa kupenya nuru, uliojaa maji: maji ya ncha mbili hulingana daima.

Mwisho, mbao hupakwa mafuta upande wa ndani, ili zisigandamane na zege. Mafuta ya gari yaliyochakaa yanafaa. Mawese kidogo pia yanafaa.

KABLA YA KUFUNGUA MFUKO

Sasa mwashi huweka mguu wake juu ya kila ubao na kuusukuma. Ukicheza, huongeza kigingi. Hupima upana mahali patatu, hupima kina, hutazama kamba. Penye tundu chini ya ubao huziba kwa udongo, maana maji ya saruji yakivuja hapo, ukingo utakuwa na mashimo. Halafu hutazama mbingu. Wingu jeusi likiwa limesimama juu ya msitu, mfuko haufunguliwi. Mpaka hapa kosa lolote larekebishwa kwa nyundo. Baadaye litarekebishwa kwa fedha.

KUMWAGA

Mchanga uwe wa mto, safi, usio na udongo. Mchanga mchafu huoshwa kwanza. Saruji, mchanga na kokoto huchanganywa vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo maji hutiwa kidogo kidogo. Kwa mfuko mmoja, maji yasizidi lita 25, na mchanga ukiwa umelowa yawe machache zaidi. Maji mengi hurahisisha kazi, lakini hudhoofisha zege.

Vipande vya 1, 3, 5 na 7 humwagwa kwanza. Vikishagumu, vya 2, 4, 6 na 8 hupata mahali pao katikati, na zege la jirani hushika nafasi ya ubao wa kukingama. Kipande cha mfuko mtupu huwekwa kati yao wasishikamane.

Zege likisha kujaa hupigwa kwa ncha ya beleshi kandokando ya mbao, ili hewa itoke. Watu wawili hushika ubao mnyofu, mmoja huku na mmoja huku, nao huuvuta juu ya mbao za pembeni kama wanaokata kwa msumeno. Zege likianza kushika, ufagio hupitishwa juu yake polepole. Mistari ya ufagio huzuia miguu isiteleze. Njia laini kama kioo hupendeza wakati wa jua, lakini wakati wa mvua ni adui.

Saruji mbichi huunguza ngozi. Watoto wasiikanyage wala kuichezea. Kazi yao ni kuleta maji na kukusanya majani ya migomba.

KUNGOJA

Majani hayo hufunika zege siku ile ile, lisipigwe na jua wala matone makubwa. Baada ya siku 2 misumari hung'olewa, na mbao hutolewa taratibu, husafishwa, na kungoja kipande kingine. Lakini maji humwagwa juu ya zege asubuhi na jioni kwa siku 7. Wengi hudhani zege huwa gumu kwa kukauka. Sivyo. Huwa gumu kwa sababu saruji na maji hushikana, na kazi hiyo ya ndani huendelea kwa majuma mengi. Likikauka mapema hubaki dhaifu. Siku 7 zikipita, watu watembee. Pikipiki yenye mzigo ingoje mpaka siku 28.

Mbao zimekwenda sasa, na hakuna mpita njia atakayezikumbuka. Lakini kama zilisimama wima, njia ni nyofu. Kama zilipinda, njia imepinda, na itabaki hivyo mpaka wajukuu waione. Maji yakimwagika hayazoleki, na zege likigumu halikunjiki. Ndiyo maana wazee walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Ni vivyo hivyo kwa zege, na ni vivyo hivyo kwa mtoto.

Mvua ya Oktoba ikirudi Bengamisa, bibi mzee atashika fimbo yake, atatoka mlangoni, na atakwenda barazani kwa jirani bila kushikwa mkono.

MASWALI

1. Kwa nini njia ya kokoto peke yake haidumu penye matope?
2. Njia ya meta 10 hugawanywa vipande 8. Taja sababu mbili.
3. Vigingi hupigwa upande gani wa ubao? Kwa nini?
4. Paa la meta 50 za mraba limepigwa na mvua ya milimeta 20. Ni lita ngapi za maji? Ni ndoo ngapi za lita 20?
5. Kwa nini zege hunyweshwa maji kwa siku 7?
6. Eleza maana ya methali: Samaki mkunje angali mbichi.