Kukata Wimbo Si Kukata Kitambaa

Mwezi wa Shaaban uliopita, baada ya sala ya isha, mpwa wangu alinijia barazani na kompyuta yake ya mkononi kwapani, akanitaka nimsikilizie wimbo. Wimbo wenyewe naujua tangu ujana wangu, kwani maneno yake niliyatunga mimi, na aliyeuimba ni dada yangu, mama yake huyo kijana, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Dada aliuimba mwaka 1991 katika harusi ya jirani yetu hapa Mombasa, uani kwa wanawake, akifuatwa na dumbaki, tari na vigelegele. Jamaa mmoja wa kike akautia kwenye kanda kwa redio ya mkono. Mwaka 2003 dada alifariki, bintiye wa mwisho akiwa na miaka miwili. Sasa binti huyo alikuwa aolewa, na sauti ya mamake haikumbuki hata kidogo. Kaka yake alitaka isikike usiku wa harusi yake, tena iende na ngoma za kisasa ambazo wasichana wa leo huzichezea.

Studio hakutaka kwenda. Ile ni sauti ya mwanamke aliyeimba mbele ya wanawake wenziwe, na haifai wasiohusika wakae kuisikiliza mchana kutwa. Basi kijana akaamua kujifunza kazi hiyo mwenyewe, usiku baada ya usiku, kwa kutazama mafunzo ya YouTube na kujaribu. Miezi minne alikuwa shughulini.

Alipobonyeza, ngoma zilianza kwa kishindo, kisha ikaja sauti ya dada. Machozi yalinilenga. Lakini hayakudumu, kwani mara nilisikia jambo lililonikausha. Mshororo wa kwanza wa shairi langu unasema: “Sikwambii nakuacha, nakwambia ngoja kuche.” Ni maneno ya msafiri akimtuliza mkewe usiku wa kuagana. Mpwa wangu alipendezwa na namna mamake alivyolivuta neno la mwisho wa kipande cha kwanza. Akalikata, akalirudiarudia juu ya ngoma mara nane: nakuacha, nakuacha, nakuacha.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Bibi harusi aliyefiwa na mama akiwa mchanga, anaketi kitini na maua kichwani, na neno la kwanza analolisikia kwa mamake ni kwamba anamwacha.

“Mwanangu,” nikamwambia, “mamako hakusema hivi.”

“Lakini Mjomba, ni sauti yake mwenyewe. Sikuongeza hata herufi.”

Kweli, hakuongeza. Alipunguza tu. Nami nikaona kwamba sitaweza kumweleza kosa lake mpaka nijue chombo anachokitumia, nikavuta kiti, mwanafunzi wa miaka hamsini na kitu, akanionyesha.

Kompyuta haihifadhi sauti kama kanda ilivyokuwa ikihifadhi. Huipima. Kwa kipimo cha CD, zilizotoka mwaka 1982, kila sekunde moja ya sauti hupimwa mara 44,100. Sikio la mtu husikia mitikisiko isiyozidi kama 20,000 kwa sekunde, na hesabu yataka upime zaidi ya mara mbili ya hapo ili usipoteze kitu. Vipimo hivyo huchorwa kiooni kama mawimbi. Penye vigelegele wimbi hupanda, na mwimbaji anapovuta pumzi hulala. Ukishayaona, unaweza kuyakata, kuyahamisha, kuyarudia, kuyatia mwangwi, kama fundi cherehani na kitambaa chake.

Kanda ile aliihamisha kwa Audacity, programu ya bure iliyotoka mwaka 2000. Ngoma alizipanga kwa FL Studio, iliyozaliwa Ubelgiji mwaka 1997. Kazi ngumu ilikuwa kuitoa sauti ya mama kwenye dumbaki na tari, kwa kuwa kwenye kanda vyote vimo pamoja kama nazi na mchele ndani ya wali. Mwaka 2019 kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilitoa bure programu iitwayo Spleeter, iliyofunzwa kwa nyimbo nyingi hata ikajua kubagua sauti ya mtu na ya ala. Kwa hiyo hiyo kijana akampata mamake, peke yake, bila ngoma. Aliniambia usiku ule hakulala.

Wengi hudhani mambo haya ni uzushi wa juzi wa Wazungu. Sivyo. Vitabu vingi humtaja Mfaransa Pierre Schaeffer, ambaye mwaka 1948 alitunga muziki kwa milio ya garimoshi. Lakini miaka minne kabla yake, mwaka 1944, kijana wa Kimisri aitwaye Halim El-Dabh aliazima mjini Cairo chombo cha kunasa sauti kwenye waya, akaenda kunasa sauti za wanawake katika ngoma ya zaar, ambayo ni ndugu ya ngoma zetu za pepo. Kisha akaingia kituo cha redio akazigeuza. Alipunguza sauti nyingine, nyingine akazitia mwangwi, mpaka wimbo ukawa kitu kipya. Na huko Jamaica, miaka ya mwanzo ya 1970, King Tubby, fundi wa kutengeneza redio, alikuwa akichukua nyimbo zilizokwisha rekodiwa, anaondoa sauti ya mwimbaji, anaacha ngoma na besi, kisha neno moja moja linarudi kwa mwangwi kama mtu aitaye kutoka mbali. Huyo ndiye mmoja wa mababu wa hicho ambacho vijana wetu hukiita rimiksi.

Kwa hiyo sina ugomvi na mkasi. Nilichomfundisha mpwa wangu ni mahali pa kuupitisha, na masomo yalikuwa matatu.

La kwanza ni pumzi. Mshororo wa shairi una mizani 16, ukwapi nane na utao nane, na mwimbaji hupumua baina yake. Ukwapi mara nyingi hufungua jambo ambalo utao ndio huliziba. Hili kijana alilifahamu upesi nilipomkumbusha chuoni. Kila aliyesoma Suratul Maun anaijua aya ambayo ukiisimamia peke yake, usiende kwenye inayofuata, maana hupinduka, na wanaosifiwa huwa ndio wanaolaaniwa. Mwalimu wetu alikuwa na bakora maalumu kwa kisimamo hicho. Silinganishi wimbo na Kitabu, hasha. Nasema tu kwamba sisi watu wa pwani tulifunzwa tangu utotoni kuwa kusimama pasipo mahali pake ni kusema uwongo kwa maneno ya kweli.

La pili ni mwendo. Programu hizi hupanga kila kitu kwa mapigo yaliyo sawa, na mpwa alikuwa ameweka mapigo 120 kwa dakika. Lakini wapigaji wa mwaka 1991 walianza pole pole, na wanawake walipochangamka wakazidi kukaza. Alipoivuta sauti ya mamake iende na saa ya kompyuta, ikawa kama mtu anayekimbizwa. Dawa ilikuwa kugeuza mambo. Kijana alitia alama kila pigo la dumbaki kwenye kanda, kisha akaziamuru ngoma mpya zifuate alama hizo. Ilimchukua usiku tatu, na mwishowe mtoto akamfuata mama.

La tatu ni mahadhi. Dada aliimba kwa Bayati, na Bayati ina sauti ambayo huipati kwenye piano, kwa kuwa imekaa baina ya kibonye na kibonye. Ngazi ya piano ina hatua 12 zilizo sawa, hali ya Waarabu ina robo, na katika mkutano mkuu wa muziki wa Cairo wa mwaka 1932 wataalamu walijadiliana kuigawa ngazi hiyo mara 24. Sasa kuna programu za kunyoosha sauti, zilizoenea tangu mwaka 1997, ambazo zikiachwa zijiendeshe huvuta kila sauti mpaka kwenye hatua iliyo karibu kati ya zile 12. Kijana aliipitisha sauti ya mamake humo, kwa nia njema, akidhani pale palipokuwa na robo palikuwa na kosa. Nikamwimbia mimi, kwa sauti yangu mbovu, mara moja kwa Bayati na mara moja kama kompyuta ilivyotaka. Akacheka, kisha akanyamaza, kisha akaifuta ile programu. Watengenezaji nao wameanza kuamka. Ableton Live, programu ya Berlin iliyotoka kwanza mwaka 2001, katika toleo lake la 12 la mwaka 2024 imeweka nafasi ya ngazi zisizokuwa za piano.

Liko na jambo la nne ambalo si la sikio. Ni amana. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, tena humpa haki ya kukataa kazi yake isigeuzwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Watasema wengine kwamba taarab yetu yenyewe iliazima mahadhi mengi ya filamu za Kihindi. Ni kweli, na hilo lisitufanye tujione wasafi. Lakini marehemu hawezi kupiga simu akasema, “Hapo mmenikosea.” Ndiyo maana tulimwendea baba yao kwanza. Aliridhia kwa sharti mbili: wimbo uchezwe kwa wanawake peke yao, wala usipandishwe mtandaoni. Nami kama mtunzi nikaongeza la tatu, ule mshororo usikatwe katikati.

Usiku wa harusi sikuwako uani, bila shaka. Nilikuwa msikitini, kisha nyumbani. Mke wangu ndiye aliyenihadithia. Ngoma za kijana zilianza, wasichana wakainuka. Ilipotoka sauti ya marehemu, kina mama walioimba naye mwaka 1991 waliitambua kabla haijamaliza neno moja, wakapiga vigelegele juu ya vigelegele vya kwenye kanda, hata haikujulikana vipi ni vya leo. Bibi harusi hakulia. Aliomba kurudishiwa pahala pamoja tu, pale mamake anapomwambia mtu angoje kuche.

Kwa hivyo vijana wenye kompyuta nawaachia beti hii:

Mwenye mkasi sikia, wimbo una njia zake,
Kwanza keti kutulia, ujue na kina chake,
Idhini waombe pia, mtunzi na watu wake,
Kisha kata nakwambia, neno libakie lake.