Dereva Akitazama Kioo, Gari Linaendelea Kwenda

Ndugu msomaji, chukua simu ya kitochi. Fumba macho. Papasa katikati ya vitufe kwa kidole gumba. Utakuta kinundu kidogo juu ya namba 5. Ukishakipata, namba nyingine zote unajua zilipo. Sasa chukua simu ya kupangusa, ufumbe macho tena. Kidole kinateleza tu. Kioo chote ni sawasawa. Hujui umegusa nini mpaka ufumbue macho.

Jambo hili dogo limekuwa jambo kubwa kwenye magari. Leo tueleze kwa nini.

Swichi na kioo

Katika gari la zamani kila kazi ina swichi yake. Waipa zina mkono wake karibu na usukani. Redio ina swichi ya kuzungusha. Dereva aliyelizoea gari lake hutafuta kwa vidole, macho yakiwa barabarani.

Magari mengi mapya hayako hivyo. Katikati, mbele ya dereva na abiria, kuna kioo cha kugusa kama simu kubwa. Gari la kwanza kuuzwa likiwa na kioo cha namna hiyo ni Buick Riviera la Marekani, mwaka 1986. Mwaka 2012 kampuni ya Tesla ilitoa gari lenye kioo cha inchi 17. Makampuni mengine yakafuata.

Kwa nini waliacha swichi? Kwanza ni gharama. Swichi nyingi, kila moja na waya zake, ni fedha nyingi. Kioo kimoja hufanya kazi za swichi nyingi. Pili, mtengenezaji anaweza kubadilisha mpangilio wa kioo bila kufungua gari. Tatu, kioo huonyesha ramani, na huonyesha picha ya nyuma ya gari. Hapo tusikidharau. Picha hiyo humsaidia dereva anayerudi nyuma asimgonge mtoto.

Tupige hesabu

Gari linakwenda kilometa 90 kwa saa. Hizo ni mita 90,000. Saa moja ina sekunde 3,600. Tukigawanya tunapata mita 25 kwa kila sekunde. Basi dereva akitazama kioo kwa sekunde 4 tu, gari limekwenda mita 100. Ni kama urefu wa uwanja wa mpira, na hakuna aliyekuwa anatazama njia.

Mwaka 2022 gazeti la magari la Sweden liitwalo Vi Bilägare lilifanya jaribio. Walichukua magari mapya 11, na gari moja la zamani, Volvo V70 la mwaka 2005, lisilo na kioo cha kugusa. Mwendo ulikuwa kilometa 110 kwa saa. Madereva walipewa kwanza muda wa kuyazoea magari. Kisha wakapewa kazi ndogo ndogo, kama vile kuwasha joto la kiti na kubadili stesheni ya redio. Katika Volvo ile kuukuu kazi zilikwisha kwa sekunde 10, na gari lilikuwa limekwenda mita 306. Katika gari lililokuwa la mwisho, kazi zilichukua karibu sekunde 45. Gari lilikwenda mita 1,372. Hiyo ni zaidi ya kilometa moja!

Huko Ujerumani dereva mmoja alinyeshewa na mvua njiani. Gari lake lilikuwa la kurekebisha mwendo wa waipa kwenye kioo. Akatazama kioo, gari likatoka barabarani likagonga miti. Mwaka 2020 mahakama ya Karlsruhe ilimhukumu: faini ya euro 200, na mwezi mmoja asiendeshe. Mahakama haikukubali kwamba kosa ni la kioo. Mwenye usukani ndiye mwenye dhamana.

Swichi zinarudi

Euro NCAP ni shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari na kuyapa nyota. Tangu Januari 2026, ili gari lipate alama zote, kazi tano lazima ziwe na swichi zake: indiketa, taa za hatari, honi, waipa, na kitufe cha kuita msaada. Hii si sheria ya serikali. Lakini wanunuzi hutazama nyota, na makampuni yanataka kuuza.

Na sisi je?

Magari mengi yaliyotumika Japani hushushwa Dar es Salaam na Mombasa. Gari jipya la leo huko ndilo mtumba wa kesho hapa kwetu. Basi tujiandae.

Wewe dereva, panga kila kitu kabla ya kuondoa gari. Ukitaka kubadili jambo kwenye kioo, simama kando. Na wewe abiria, usinyamaze. Ukiona dereva anahangaika na kioo au simu, mwambie kwa heshima: "Ndugu dereva, tunaomba utazame barabara." Kusema hivyo si utovu wa adabu. Tahadhari kabla ya hatari.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kitufe hupatikana gizani, na kioo hakipatikani?
2. Gari linakwenda mita 25 kila sekunde. Dereva ametazama kioo kwa sekunde 6. Gari limekwenda mita ngapi?
3. Abiria wa kijijini kwetu wafanye nini dereva asipotazama njia?