Kwa Nini Mtoto Hujibu 8 Badala ya 9

Bwana Mfupi alipimwa urefu kwa vifungo vikubwa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vikatimia 4. Bwana Mrefu alipopimwa kwa vifungo hivyohivyo, alifika 6. Kisha Mfupi akapimwa tena, safari hii kwa vibanio vya karatasi, akawa na urefu wa vibanio 6. Je, Mrefu ana urefu wa vibanio vingapi?

Aliyelifanya fumbo hili lijulikane ni Robert Karplus, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliyelitumia miaka ya 1970 kuchunguza jinsi wanafunzi wanavyofikiri. Jibu ni 9. Lakini lipeleke darasa la sita au la saba utasikia 8 kutoka kila kona, na sababu yao imenyooka kabisa: Mrefu kamzidi Mfupi kwa 2, kwa hiyo 6 jumlisha 2.

Mwalimu asilichukulie jibu hilo kuwa ni uzembe. Mtoto ameona kwamba kuna uhusiano, na ameufuata kwa uaminifu. Alichokosea ni aina ya uhusiano. Tangu darasa la kwanza amezoezwa kulinganisha vitu viwili kwa kutoa. Leo uwiano unamtaka aache kuuliza "kazidi kwa ngapi?" aulize "kazidi mara ngapi?" Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote katika hisabati ya madarasa ya juu ya shule ya msingi, na vitabu vyetu huipitia mbiombio.

Kumwambia mtoto kwamba amekosea hakumsaidii sana. Mfaransa Guy Brousseau alipata njia bora zaidi katika shule ya Talence, jirani na Bordeaux. Aliwapa wanafunzi picha ya mraba iliyokatwa vipande, akawaambia watengeneze nyingine kubwa zaidi, ambamo upande wa sentimita 4 utakuwa sentimita 7. Kila mmoja katika kundi alipewa kipande chake. Wengi walifikiri mara moja: 4 imekuwa 7, basi kila upande tunauongezea 3. Wakapima, wakakata, wakarudi mezani kuunganisha. Vipande vikakataa kukaa pamoja. Kwanza walilaumiana, kwamba fulani hakupima vizuri, fulani mkasi umemteleza. Wakakata upya, na bado havikukaa.

Hapo ndipo mwalimu anapata mlango. Tuseme kuna upande wa sentimita 8, yaani 4 mbili. Kila 4 imekuwa 7, kwa hiyo 8 lazima iwe 14. Njia ya kuongeza 3 inatoa 11. Zote mbili haziwezi kuwa kweli, na mtoto analiona hilo kwa macho yake bila kuambiwa na mtu. Akiulizwa 2 itakuwa ngapi, atagawa 7 kwa mbili apate 3.5. Akiulizwa 1, atapata 1.75, na akishaijua hiyo, hakuna upande utakaomshinda.

Darasa likifika hapa, fomula haina madhara. Tatizo ni kwamba madarasa mengi huanza na fomula: andika namba nne, zidisha kwa kukatisha, gawanya. Tuseme nazi 3 ni shilingi 2,400, na mtu anataka nazi 5. Mwanafunzi anazidisha 5 kwa 2,400 anapata 12,000, anagawa kwa 3, anapata 4,000. Jibu ni sahihi. Mwulize ile 12,000 ni nini: ni shilingi au ni nazi? Atakukodolea macho, na ana haki, kwa maana ile namba haina maana yoyote sokoni. Lakini anayesema "nazi moja 800, tano ni 4,000" anajua kila namba aliyoitamka inasimamia nini.

Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha walichokiona Recife, Brazili, kwa watoto watano waliokuwa wakiuza mitaani. Mmoja aliulizwa bei ya nazi 10, moja ikiwa cruzeiro 35. Alianza na tatu, 105; akaongeza tatu nyingine, 210; akaendelea hivyo hadi 350. Kuandika sifuri mwishoni mwa 35, kama shule inavyofundisha, hakukumjia kabisa. Kwenye biashara yao watoto hao walipata majibu sahihi kwa asilimia 98 ya maswali. Walipopewa hesabu zilezile kwa tarakimu tupu, walishuka hadi asilimia 37. Watoto wa masoko ya Kariakoo na Kongowea hawana tofauti na wale, na mwalimu asiyeanza na hesabu wanayoijua anawaanzisha sifuri bure.

Kuna mtego mwingine unaowapata hata wakubwa. Fundi akisema zege lake ni 1:2:4, yaani saruji ndoo moja, mchanga ndoo mbili, kokoto ndoo nne, waulize wanafunzi saruji ni sehemu gani ya mchanganyiko wote. Wengi watasema robo, wengine nusu. Ni moja ya saba, kwa sababu ndoo zote ni saba. Waulize pia zege mara mbili litachanganywaje. Anayeongeza ndoo moja moja atapata 2:3:5, na mwenye nyumba atalipa saruji nyingi kuliko inavyotakiwa. Sahihi ni 2:4:8. Ukipata ndoo na mchanga, fanyeni nje ya darasa.

Baada ya yote hayo, mwanafunzi anaanza kuona uwiano hata pasipokuwapo. Mashati 3 yakianikwa juani yanakauka kwa saa 2; mashati 6 je? Wapo watakaojibu 4 bila kusita. Nchini Marekani, Cramer, Post na Currier walieleza mwaka 1993 swali la wakimbiaji wawili wa mwendo sawa. Wa kwanza alitangulia kuanza, na alipomaliza mizunguko 9, mwenzake alikuwa na 3. Mwenzake akifika 15, wa kwanza atakuwa na mingapi? Ni 21, kwa sababu pengo la 6 halibadiliki. Kati ya wanachuo 33 waliokuwa wakisomea ualimu wa shule za msingi, 32 walijibu 45. Hapa kuongeza ndiko kulikokuwa sahihi, na walimu watarajiwa wakazidisha.

Kwa hiyo mwalimu, wiki ya kwanza ya mada hii usiandike fomula ubaoni. Changanya maswali, la bei ya nazi pamoja na la mashati yanayokauka, na kabla ya hesabu yoyote mwulize kila mwanafunzi: kimoja kikiongezeka mara mbili, kingine nacho kitaongezeka mara mbili? Asipoweza kukujibu hilo kwa maneno yake, usimruhusu ashike kalamu.