Mu safari ya sendika, tunakula kwa bamama wa malewa

Kila mara tukirudi kutoka safari ya sendika, wenzetu wanatuuliza: mulikula wapi? Mu hoteli hapana. Tunatafuta malewa, pale bamama wanapikia juu ya makala, na tunaomba kile wenyeji wanakula.

Kati ya Lubumbashi na Kolwezi kuna kilometa kama 300, unapita Likasi. Wakati wa mvua, pembeni ya barabara wanauzisha uyoga wa vichuguu, mwingine mupana sawa mwavuli. Ukipikwa na karanga, utasahau nyama. Kuna vinkubala vya kukauka. Kuna pia kikanda, yenye batoto wa mujini wanazani ni sosisi. Ile ni mizizi ya majani ya pori: wanaitwanga, wanaipika na unga wa karanga na pilipili, inashikana, kiisha wanaikata vipande. Kuna wenye kusema ni chakula cha wamaskini. Hao hawajauliza bei yake!

Kasenga, kwenye muto Luapula, tulikula samaki pale mubichi na bukari ya mihogo. Ndugu yetu mumoja, mutu wa Kasai, alisema bukari bila mahindi haijatimia, kwao wanachanganya vyote viwili. Tulimucheka, lakini sahani yake ndiyo ilimalizika ya kwanza.

Na sisi watu wa mugodi, bukari yetu nyeupe ya mahindi ilitoka wapi? Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Ruanda-Urundi na Rhodesia. Mumoja alizoea mihogo, mwingine mutama, mwingine ndizi. Wote wakapewa posho ya unga mumoja. Kiisha 1967, wakati wa Gécamines, unga wa kila mwezi uliendelea. Ladha ya wazee wetu ilitokea mu saki ya kampani.

Leo saki imekwisha kwa wengi wetu. Mu kampani moja ndogo tunayoijua, wanatoa muchele na kuku ya friji, kila siku ya Mungu. Wakubwa wanasema sombe na samaki wa hapa vitatugonjesha. Kumbe ndivyo tunakula nyumbani na tunashuka shimoni! Lakini mambo mabaya zaidi ni feza ya chakula: wanaihesabu kwa bei ya Lubumbashi, na mutu anaishi Kolwezi. Unga mwingi unatoka Zambia kwa kupitia Kasumbalesa. Zambia ikifunga mupaka kwa mahindi, meka inapanda mara moja, na kufika Kolwezi inabeba tena bei ya lori.

Ndiyo sababu mu malewa tunashika kalamu. Bakuli ya bukari, fungu la sombe, kopo la chisense wa Mweru, makala: tunaandika yote. Siku ya mazungumuzo tuliweka daftari juu ya meza. Mutu wa kampani akauliza nani alitupa hesabu zile. Tukamujibu: bamama wa soko. Hakuwa na karatasi ya kutupinga, na wakakubali kuhesabu upya kwa bei ya Kolwezi. Jibu bado tunalingoja.

Wadelege wanaokwenda Kalemie, mutuletee bei ya mikebuka ya kukauka na ya unga wa mihogo. Na ninyi bamama wa nyumbani, muandike bei za soko kila juma, mumupe delege wenu karatasi mbele mazungumuzo hayajaanza tena.