Kivu: Tumbo likivimba, maini yapimwe mbele ya kutafuta mwenye kutia sumu

Huko Bukavu, Goma ao Uvira, mtu akivimba tumbo na macho yakageuka manjano, neno la kwanza katika jamaa ni kwamba amelishwa sumu. Karuho, wengine wanasema. Pesa zinaenda kwa mwenye kutapisha, majirani wanaanza kuangaliana vibaya, na mara nyingi hakuna aliyeuliza kama mgonjwa amepimwa hepatiti B.

Virusi hivyo vinaweza kukaa mwilini miaka 20 ao 30 bila maumivu. Siku tumbo linajaa maji, maini yamekwisha kukauka, ni siroze, ao kansa imeanza. Hapo dawa ya mizizi isiyojulikana inaweza kumaliza sehemu iliyobaki.

Kipimo chenyewe ni tone la damu, na majibu yanatoka ndani ya nusu saa. Wengi wanajua hali yao siku wanapoenda kutoa damu kwa ajili ya ndugu, kwa kuwa kila mtoaji anapimwa hepatiti B na C, SIDA na kaswende. Kisha mtu anaambiwa damu yake haifai, anarudi nyumbani na karatasi, basi. Hilo ndilo kosa kubwa, kwa sababu karatasi hiyo ni mwanzo tu.

Mwenye majibu ya pozitifu anahitaji vipimo vingine: hali ya maini katika labo, hepatiti C na D, na wingi wa virusi pale mashine iko. Apimwe SIDA pia mbele ya kuanza tenofovir. Dawa hiyo inazuia virusi vya hepatiti B, lakini ni moja pia ya dawa za SIDA, na mwenye SIDA akiimeza peke yake virusi vinaizoea. Mwenye siroze afanye ekografi kila miezi 6, hata akijisikia mzima. Kansa ya maini ikionekana ingali ndogo, kuna la kufanya.

Na chanjo? Haiondoi virusi kwa aliyekwisha kuambukizwa kwa kudumu. Inafaa wale wanaoishi naye: bibi ao bwana, watoto, wenye kutumia wembe mmoja. (Kula sahani moja hakuambukizi, msimtenge mgonjwa mezani.) Wapimwe, na asiye na virusi apate sindano 3: ya leo, ya baada ya mwezi 1, ya baada ya miezi 6.

Yule ambaye maini yake yameharibiwa na pombe ao na hepatiti C, naye achanjwe. Akiwa na siroze, mwili wake unaitikia chanjo kwa uvivu. Ndiyo maana waganga wengi wanaongeza kipimo cha dawa, kisha mwezi 1 ao 2 baada ya sindano ya mwisho wanapima kinga. Ikiwa chini ya 10, wanarudilia. Chanjo ya hepatiti A inashauriwa pia, lakini wakubwa wengi wa kwetu waliupata ugonjwa huo utotoni bila kujua. Kupima kinga kwanza kunaweza kuokoa pesa.

Congo iliingiza hepatiti B katika chanjo za watoto mwaka wa 2007. Aliyezaliwa mbele ya hapo, na hakujilipia sindano, hana kinga ya chanjo. Hata watoto wa leo, sindano zile zinaanza kwenye majuma 6, na hapo kwa wengine ni kuchelewa: mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, mara 9 kwa 10 virusi vinabaki naye. Tangu 2009 Shirika la Afya Duniani, OMS, linaomba sindano ya kwanza itolewe ndani ya saa 24. Mwaka wa 2022, katika Afrika, ni watoto 18 tu kwa 100 walioipata.

Kwa hiyo mama wa mimba aombe kipimo cha hepatiti B kwenye CPN. Akikutwa nayo, kuna dawa anayoweza kumeza mbele ya kuzaa ili kumkinga mtoto. Na aulize mapema kama maternite ina chanjo ya mtoto mchanga, kwa kuwa inapaswa kuwa tayari kwenye frigo siku uchungu unapoanza.